Ubeti Nilioukata

Mama aliuita muziki wa kununa.

Alikuwa amekaa uani kwetu Timbwani, miguu ameinyoosha, anasuka makuti, na mimi nimejibanza ukutani na gitaa nililoliunga kwa gundi, nikihangaika kufuata kanda ya bluzi. Kanda hiyo niliipata kwa fundi wa redio pale Likoni. Baharia mmoja aliiacha kwake na hakurudi kuichukua. Jalada lilikuwa limepotea, kwa hivyo sikuwahi kujua mwimbaji ni nani, na jambo hilo lilinikera miaka na miaka. Mtu anakuimbia mpaka unahisi umelala naye chumba kimoja, kisha humjui hata jina!

"Huyo yuwaimba ama amenuna?" mama akauliza.

"Yuwaimba, mama. Ana huzuni."

"Huzuni haikokotwi hivyo. Mtu huisema, ikisha akashika kazi yake."

Yeye ndivyo alivyofanya. Kabla sijazaliwa mama alikuwa na binti. Mtoto akashikwa na homa kali, na hospitali iko ng'ambo, mjini. Mama akambeba mgongoni mpaka kivukoni asubuhi na mapema. Siku hiyo feri ilikuwa imeharibika upande wa pili. Akasimama hapo na wachuuzi na watu wa kazi za bandarini, wote wanaitazama feri iko kule kule, karibu kiasi cha kuwaona mafundi wakiinama. Ilipokuja jua lilikuwa la utosi. Mama alinihadithia mara moja tu, na alinihadithia kwa maneno machache: "Feri ilikuja. Lakini mgongo ulikuwa ushapoa." Hakupanda. Aligeuka akarudi nyumbani kwa miguu.

Kisha akatunga wimbo. Aliuimba akisuka, nami nimekua nao:

Kivuko nawe kivuko, nivushe nina mgonjwa,
Mtoto yu mgongoni, moto wake wanichoma,
Ng'ambo naiona wazi, sina mbawa za kuruka,
Kivuko ungeniwahi, leo angekuwa hapa.

Zilikuwa beti sita. Za katikati zilisema habari za watu waliosimama naye, na maji, na mwanamke mmoja asiyemjua aliyemshikia kanga. Ubeti wa mwisho ulikuwa huu:

Tamati nimekomea, mwenye kutunga ni mimi,
Msuka makuti wenu, Timbwani ndipo nyumbani,
Mwana si wa hadithini, nimembeba mwenyewe,
Mkiimba nitajeni, msiniache njiani.

Kwetu mtunzi hamalizi bila kujitaja. Hata mwanamke asiyejua kuandika, akitunga, atatafuta pa kujiweka: jina lake, au mtaa wake, au kazi yake. Mama alisema wimbo usio na mwenyewe ni sawa na mtoto wa kuokotwa, kila mtu atamtuma. Mimi nilikuwa nauvumilia ubeti huo kama mtu anavyovumilia hotuba ya mwisho wa harusi, nasubiri uishe. Masikio yangu yalikuwa kwenye kanda ya baharia.

Katika miaka ya themanini nikapata kazi kwenye bendi ya hoteli moja Shelly Beach. Tulivaa mashati ya maua na kuwapigia wageni nyimbo za kuwakaribisha, usiku mmoja sawasawa na mwingine, mpaka nikawa nachukia neno karibu. Nilimwomba meneja nusu saa kabla ya chakula niwe napiga bluzi peke yangu. Alinipa, kwa sababu saa hiyo hakukuwa na mtu wa kukimbia. Wahudumu wakanibandika jina, Mzee wa Kununa. Mama alikuwa ameshalivujisha. Baa ile iliezekwa kwa makuti ya akina mama wa Timbwani, na upande wa kaunta ulikuwa mkono wa mama mtupu, naujua ulivyokaza. Kila nikikosea nilikuwa nauangalia huko juu.

Nilitaka jambo moja maishani, nalo ni kuitwa mpiga bluzi. Si mpiga gitaa wa hoteli, si kijana wa bendi. Nilijifunza Kiingereza cha nyimbo zile bila kujua nusu ya maana. Mke wa kwanza alinikimbia akisema nyumba yetu kila siku ni kama imefiwa. Sikumlaumu, ila sikuacha.

Ndipo akaja yule bwana.

Alikuwa Mmarekani mweusi, ndevu za mvi, kofia kuukuu hata mezani. Wahudumu walimwita Mzungu Mweusi, na alipofasiriwa alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mpiga bluzi wa kweli, mwenye sahani za santuri na picha zake zimo ndani ya magazeti. Nilipojua hayo nikalichukua gitaa. Nikampigia nyimbo zangu tatu nilizozisugua miaka kumi na mbili, ukiwemo ule wa kanda ya baharia, nikamuuliza mwimbaji wake ni nani. Akatikisa kichwa. Walikuwa wengi, alisema, hawezi kuwajua wote.

Kisha akaniambia kwa upole, na upole ndio ulioniua: "Huo ninao kwetu. Wewe una nini?"

Sijapata kupigwa kofi la heshima kama lile. Niliona haya, nikaona na hasira juu yake.

Hakuwa mtu mbaya; laiti angekuwa mbaya ningelala vizuri. Alinieleza maisha yake kwenye kiti cha kamba, miguu mchangani. Alianza kanisani mtoto mdogo, akahamia kwenye baa, akapata jina, kisha vijana wa kwao wakamgeuzia mgongo. Kampuni ikamwacha. Alikaa miaka akipiga kwenye karamu za watu waliokuwa wakizungumza. Halafu akaalikwa Afrika Magharibi, akapiga na mzee mmoja wa zeze, na sahani hiyo ikamfufua. Kutoka hapo akawa anazunguka, nchi baada ya nchi, akitafuta mtu wa kupiga naye. Waliuita muziki wa dunia. Nikamuuliza bluzi je, si ya dunia? Akasema anayeingia kwa mlango huo wa dunia huulizwa kwanza alikotoka.

Basi kwa ghadhabu nikampigia Kivuko. Niliupiga kwa mtindo wangu, gitaa linajibu pale mama alipokuwa akivuta ukuti. Sikuwahi kuufanya hivyo kabla. Yule bwana akaweka gilasi chini, na hata meneja akatoka ofisini.

"Ni wa nani?" akauliza. "Nani aliutunga?"

Hapa ndipo nilipopotea, na nilipotezwa na adabu. Tulikuwa baani. Kulikuwa na chupa mezani na wanaume wanne wamesimama, wawili wamelewa. Mtoto aliyelelewa hamtaji mamake mahali kama hapo. Ukiulizwa unasema wazee wangu, na kila mtu wa pwani anaelewa unasema mamako na babako, ambao pengine saa hiyo wako jikoni wanagombania kahawa. Nikajibu hivyo hivyo. Nikalitafsiri jibu hilo neno kwa neno kwa Kiingereza changu cha nyimbo: ni wa wazee wetu. Yule bwana akafumba macho, akatingisha kichwa taratibu. Nilidhani ameelewa. Kumbe Kiingereza kilikuwa kimemfikishia watu wa kale.

Tuliurekodi kwenye ukumbi wa hoteli, asubuhi, mapazia yamefungwa kuzuia mwangwi. Fundi wa kurekodi aliyekuja naye alisema wimbo ni mrefu mno, na yule bwana alitaka gitaa lake na langu yazungumze mwishoni. Nafasi ilikuwa haba. Akaniuliza tukate wapi.

Mimi ndiye niliyesema tukate ubeti wa mwisho. Hakuna aliyenishika mkono.

"Unasema nini ubeti huo?" akauliza.

"Ni wa kumalizia tu," nikasema. "Wa kuaga."

Nilikuwa nautaka mchuano wa magitaa kuliko nilivyotaka chakula. Mpiga bluzi wa kweli, na mimi, kiti kwa kiti, kwenye sahani moja! Wallahi ubeti ule niliuona kama mtu aliyesimama mlangoni anazuia.

Miezi ikapita, kampuni ya sahani ikaniletea kwa posta karatasi za kijitabu cha kuwekwa ndani ya jalada. Waliniomba nisahihishe makosa. Niliketi kwenye kibanda cha chai hapo kivukoni nikasoma. Iliandikwa kwamba Kivuko ni wimbo wa jadi, mtunzi hajulikani. Iliandikwa kwamba watu wa kale wa pwani waliuimba kuzivusha roho za wafu kwenda ng'ambo. Nikainua macho. Mbele yangu feri ilikuwa inatapika moshi na malori. Watu gani hao wa kale waliokuwa na feri ya injini?

Nilicheka peke yangu. Kisha nikaanza kupiga hesabu nyingine kichwani. Nikisema mtunzi yuko hai, anasuka makuti Timbwani, wataniuliza mbona nilisema vingine. Huenda safari ya Ulaya waliyoniahidi ikafutika. Na huo ukale ndio ulionifanya mimi kuwa kitu. Bila huo nilikuwa mtu wa hoteli anayeiga kanda. Jina langu lilikosewa herufi moja. Nikasahihisha herufi hiyo, nikarudisha karatasi.

Ulaya nilizunguka wiki sita. Waliniomba nivae kanzu na kofia, sawa, ni nguo zetu. Wakaniomba nipande jukwaani bila viatu. Mji mmoja wakanivisha na shanga, nikawaambia hizi si za kwetu, wakasema zinapendeza kwenye taa. Gitaa langu la umeme nikaambiwa liachwe hotelini, lile la mbao lina sauti ya asili zaidi. Kila usiku yule bwana alisimama akawaeleza watu habari za roho zinazovuka, kwa sauti iliyojaa machozi ya kweli, na mimi nimesimama nyuma yake nyayo zinaganda. Nilikuwa nimeifuata bluzi miaka yote hiyo, na siku nilipofika kwake nikaambiwa nivue viatu.

Nikarudi na kanda. Magazeti yalikuwa yameandika, majirani wakaja. Mama akavaa leso mpya akakaa karibu kabisa na redio. Ilipoanza sauti yangu akatabasamu. Akafuata kwa midomo ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Kisha magitaa yakaingia, yakazungumza, yakanyamaza, na kanda ikaenda wimbo mwingine.

Aliendelea kuiangalia redio.

"Na ule mwengine?"

"Umekatwa, mama. Ulikuwa mrefu."

"Amekata nani?"

Nikasema, "Mgeni."

Aliitika taratibu. "Mgeni hana lawama, hajui. Wewe ulikuwako?"

"Nilikuwako."

Akachukua jalada. Hakuwa akisoma Kiingereza, lakini jirani yetu mwalimu wa zamani alikuwapo, na huyo hakukosa nafasi ya kusoma kwa sauti. Akafasiri: mtunzi hajulikani.

"Hajulikani?" mama akasema. Aliwatazama majirani mmoja mmoja, watu aliokaa nao tangu ujana. "Nyinyi hamunijui?"

Wakacheka, wakadhani ni mzaha. Mimi nilitoka nje nikajifanya namwangalia mbuzi.

Nikaapa nitarekebisha. Niliandika barua, nikaeleza yote: mama yangu yu hai, ubeti upo, neno wazee maana yake ni hivi. Sikueleza habari ya karatasi nilizosahihisha. Jibu likaja kutoka kwa yule bwana mwenyewe, kwa mkono wake. Alikuwa ameshahamia nchi nyingine, milimani huko Asia, anapiga na watu wa filimbi. Alisema amesikitika, atawaambia kampuni. Chini akaongeza mstari mmoja: nilikuuliza mara mbili.

Kweli aliniuliza mara mbili. Kampuni nayo ilinitumia fulana.

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepata pa kujitetea. Aliacha kuimba tu. Alisuka kimya, ukisimama ukutani unasikia makuti peke yake. Mara moja nilimwomba radhi, nikapiga magoti kabisa, mtu mzima nina mvi. Akaniwekea mkono kichwani akasema, "Radhi yangu unayo, mwanangu, mimi si mama wa kulaani. Lakini nimetaka unitaje, sikutaka magoti."

Basi jambo lilikuwa hilo. Kumtaja. Ungedhani ni rahisi! Redio ilipoupiga wimbo nilikwenda kuwaambia. Kijana wa pale akasema atampa mkubwa wake ujumbe. Kwaya ziliuchukua, bendi za hoteli nyingine zikauchukua. Kila mtu aliuimba beti tano, kwa sababu ndizo zilizo kwenye kanda. Mwanzoni nilipita nikiwarekebisha, baadaye nikachoka. Kisha ukaja ule mwaka wa fujo Likoni, watu wakahama, wageni wakapotea, hoteli ikabaki na askari wa lango na paka. Makuti ya baa yakaoza bila mtu wa kuyabadilisha. Mama, ambaye macho yalikuwa yameanza kufifia, akahamia kwa dada yangu mdogo Mikindani.

Ilikuwa huko, shule ya mjukuu wake, siku ya wazazi. Mjukuu alikuwa kwenye kundi la kuimba, na wimbo wenyewe ulikuwa Kivuko. Walikuwa wameuingiza mashindanoni wakapata kombe. Mimi nilialikwa mbele na walimu, kwa ile safari yangu ya Ulaya. Sikukaa mbele. Nilikaa na mama kwenye mabenchi chini ya turubai, saa nne asubuhi, joto limeshakolea.

Mwalimu wa muziki, kijana wa bara mwenye bidii na tai yake, akatangaza: wimbo wa jadi ya Wapwani, mtunzi hajulikani. Mama alikuwa ameshika mkono wangu. Hakuuachia.

Watoto waliimba vizuri. Nasema kweli, waliimba vizuri kuliko mimi. Ubeti wa tano ukaisha, wakainama, makofi yakaanza. Na katika makofi hayo nikasikia sauti pembeni yangu ambayo sikuwa nimeisikia miaka saba. Tamati nimekomea, mwenye kutunga ni mimi. Alikuwa anaimba amekaa, macho ameyafumba, sauti imekwaruza lakini haikuyumba. Msuka makuti wenu. Watu wa mbele wakageuka. Wengine wakatabasamu, kama watu wanavyowatabasamia wazee.

Mjukuu wake akaja mbio na sare yake, akaona haya kwa ajili yake, akamgusa goti.

"Bibi," akamnong'oneza, "wimbo ushakwisha."

Mama akanyamaza hapo hapo, katikati ya mstari wa tatu, kabla hajafika pa kuomba atajwe.

Nilisimama. Sikungoja kuitwa. Nilitembea mpaka kwenye kipaza sauti nikamnyang'anya mwalimu. Nikasema: "Wimbo huu si wa jadi. Mtunzi wake anajulikana. Ni mama yangu, yule pale. Ubeti aliouimba sasa hivi ndio wa mwisho, na mimi ndiye niliyeukata."

Halafu mwalimu akachukua kipaza sauti chake, uso umemchangamka kabisa.

"Maneno mazito kutoka kwa msanii wetu!" akasema. "Ni kweli, wazazi. Watunzi wa nyimbo zetu zote ni mama zetu. Akina mama ndio walinzi wa utamaduni. Naomba makofi kwa akina mama wote!"

Wakapiga makofi. Wanawake wa benchi ya nyuma wakapiga vigelegele, wanajipongeza. Nilijaribu kusema tena, lakini watoto wa ngoma walikuwa wameshaingia uwanjani.

Nilimshika mama mkono tukatoka. Barabarani malori ya kwenda Nairobi yalikuwa yamepanga foleni, tukangoja penye kivuli cha kibanda yapite. Nilikuwa nalia, na sikuona sababu ya kuficha.

"Nimekutaja, mama," nikamwambia. "Umesikia? Nimekutaja."

"Nimesikia," akasema. Alinipapasa mgongo, akauacha mkono wake hapo. "Umekuja, mwanangu. Hata ile feri ilikuja."